Bibi Harusi Kama Alivyo

Mwaka 1971 Shem alikuwa akisomea uchungaji Birmingham, Uingereza, na kila Jumanne jioni alikwenda kwa Bwana Perlman, mzee wa Kiyahudi aliyefundisha maneno ya marabi wa kale. Maneno hayo yalirithishwa kwa mdomo vizazi kadhaa kabla ya kuandikwa, kwa hiyo wanafunzi wa mzee walijifunza kwa sauti, wawili wawili, wakibishana.

Juma moja walibishania bibi harusi. Asifiwe vipi? Shule ya rabi Shamai ilisema asifiwe kama alivyo, maana Torati inamtaka mtu akae mbali na uongo. Shule ya mpinzani wake, rabi Hileli, ilisema kila bibi harusi ni mzuri na wa kupendeza. Shem alishika upande wa Shamai, hakubanduka.

Jumamosi Edah, muuguzi aliyetoka naye Nyeri, aliolewa na Solomon. Karamu ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa Sparkhill. Edah aliposhuka garini, basi likapita kwenye dimbwi na kumwogesha tope kuanzia shela hadi viatu. Akajifungia katika chumba cha makoti.

"Niitieni Shem," alisema. "Huyo hajui kudanganya."

Shem alipofika, Edah alimfungulia. "Kaka, niambie ukweli. Nikoje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lakini macho ya Edah yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Dada, kuna shule mbili," alianza. "Moja ingesema una tope hadi sikioni."

"Na nyingine?"

"Ingesema wewe ni mzuri na wa kupendeza. Mimi nilikuwa wa ile ya kwanza."

"Ulikuwa?"

"Mpaka sasa hivi."

Edah alicheka hadi akaangukia makoti ya watu. Kisha akatoka na tope lake. Akina mama wakapiga vigelegele, na Solomon akabaki ameshika sahani, akimkodolea macho.

Jumanne Shem alimsimulia mwalimu. "Je, nilidanganya?"

"Bwana harusi alimwonaje?"

"Kama malaika."

"Basi hukudanganya. Na ulianza na hoja ya Shamai?"

"Ndiyo."

"Watu wa Hileli walifanya vivyo hivyo. Walitaja maneno ya wapinzani wao kwanza, ndiyo maana uamuzi wao ndio uliofuatwa." Mzee alitabasamu. "Haya, kaa tuendelee."

Shem akaketi na mwenzake. Jioni hiyo walibishania Sabato, na kwa mara ya kwanza alimwacha mwenzake amalize sentensi.