Nusu ya Kichwa Imeshasukwa

...na tena si kwamba hataki kuhama, nani aliyesema hataki, Kuluthum hajawahi kusema sitaki, alisema tu mvua zipite, na mwaka jana alisema Ramadhani ipite, na Ramadhani ikapita, ikaja nyingine ikapita nayo, na sasa Nuria ameketi kwenye kiti nyuma yake, amembana mabega kwa magoti kama anayemnywesha mtoto dawa chungu, anachambua nywele nyeupe zilizobaki, anavuta, anasuka, na maneno yanamdondokea mama yake utosini pamoja na mafuta, "chumba kipo mama, mkweo Shariff amekipiga chokaa, kina dirisha la kuangalia barabara, utakaa uone watu wakipita"... kuona watu, kwani hapa Nakuru anaona nini, mbuzi? "Tulia mama, usigeuze kichwa," na yeye hakugeuza kichwa, aligeuza macho tu, kuelekea mlango wa jikoni, maana humo ndani Samsam anapika chai na mlio wa vikombe umenyamaza, na Samsam akinyamaza jikoni Kuluthum hukosa raha mpaka ajue kwa nini... ah, huyo, anakohoa, yuko salama, moshi tu.

"Bucha yetu inaenda vizuri," Nuria anasema, "askari wa kambi ya Gilgil wanakula nyama kama simba, hutakosa kitu, mama, na lori la Kosgei linaondoka baada ya adhuhuri, ukisema ndiyo leo tunafunga mizigo leo," leo, mtoto huyu na leo zake, alizaliwa vivyo hivyo, kabla mkunga hajafika, na mizigo ni kusema tu, hii nyumba marehemu Muhidin aliikandika udongo kwa mikono yake, akaiezeka mabati aliyoyanunua moja moja, humu ndimo alimozaliwa Nuria, na humu ndimo Muhidin alimoingiza mke wa pili kutoka Isiolo, huyu huyu Samsam, msichana mrefu wa Kisomali mwenye shingo ya twiga, na Kuluthum siku ile akamwaga mchuzi juu ya mkeka makusudi ili bibi arusi asipate pa kuketi... mtaa mzima ukakaa mkao wa kula kungojea vita, na vita vikaja, vya kimyakimya, vya chumvi na kuni, wewe umetumia maji yangu, wewe umehamisha sufuria yangu, mpaka mwaka ule wa surua, Kuluthum yuko Naivasha matangani, Nuria mdogo anawaka moto, na Samsam akamfunga mgongoni akakimbia naye hospitali kwenye mvua, akarudi na mtoto mzima na kiatu kimoja, sasa baada ya hapo utampimia mtu chumvi vipi?

"Mama mdogo yeye ana ndugu zake," Nuria anasema, sauti chini, kana kwamba amesikia mawazo yakipita chini ya kitana, "si kwamba tunamtupa, kaka yake Gelle yuko Isiolo, ana mifugo, na wewe mwenyewe umemwona, bado ana nguvu zake, bado anatembea kwa maringo," na Kuluthum akauma mdomo, kwa sababu maringo hayo ndiyo siri yenyewe, Samsam anatembea kichwa juu kwa sababu kutazama chini hakumsaidii kitu, macho yamekwenda, yalianza na uzi kukataa kuingia sindanoni, kisha asubuhi moja akalisalimu koti la marehemu lililotundikwa ukutani, salaam aleikum, akangoja lijibu, akacheka, halafu akakaa kitandani akalia, akamshika Kuluthum mkono, usimwambie mtu, wakijua Gelle atakuja kunichukua, na mke wa Gelle hamvumilii hata paka, sembuse kipofu... na tangu hapo Kuluthum akawa mlinzi wa vitu, jiko hapa, mtungi hapa, kigoda hakihamishwi, mgeni akikisogeza yeye hukirudisha mgeni akigeuka, na Samsam hupita uani kama malkia, na Nuria amekuja mara ngapi, amekunywa chai ile mara ngapi, hajui.

Sasa atamwacha nani ashike zamu hiyo? "Mama, unanisikia?" Ninakusikia, usinivute hivyo. Lakini kuna wengine hawakuulizwa, ndilo linalomkosesha usingizi, Njoki wa ng'ambo ya ua, aliyekuwa akiuza sukuma na vitunguu, asubuhi moja tu, siku zile za hali ya hatari, askari na lori, Wakikuyu wote wa mstari ule panda, panda haraka, na Njoki akiwa juu tayari, amebanwa katikati ya watu, akapaza sauti, "Mama Nuria, sufuria iko motoni!" na Kuluthum akaenda akaiepua, maharagwe, hata hayajaiva, na mpaka leo hajui mwanamke yule alishushwa wapi, na yeye hapa anaulizwa kwa upole, na mtoto wake mwenyewe, kwa mikono ya mafuta ya nazi, anaulizwa lini mama, na bado anajizungusha kama kuku anayetafuta pa kutagia... na hapo ndipo alipoiona ndoo.

Nuria ndiye aliyeiacha, alipoteka maji ya kuosha nywele, akaiweka katikati kabisa ya njia itokayo jikoni, na mlangoni Samsam amekwisha tokea, sinia mikononi, birika linafuka moshi, kichwa juu, anakuja, na Kuluthum akataka kuinuka, magoti ya Nuria yakambana, nywele zikamvuta nyuma, nikipiga kelele nimemfichua mwenzangu, nisipopiga maji ya moto yatamwishia kifuani, ya Rabbi, apinde kidogo, apinde mwenyewe... hakupinda. "Samsam! Simama! Kuna ndoo mbele yako!"

Samsam akasimama. Vikombe vikagongana. Polepole mguu wake ukatoka mbele, ukapapasa, ukagusa bati. Na mikono ya Nuria ikafa ndani ya nywele, maana ndoo ile hata kuku angeiona. "Mama mdogo," Nuria akasema, "huioni?" "Naona mwanga, mwanangu. Wewe ni kitu cheusi ndani ya mwanga." "Tangu lini?" Nuria akaweka kitana chini. "Tangu lini! Nakuja hapa, nakaa, nakunywa chai yako, mnanificha mimi?" Na Samsam akaizunguka ndoo, akaja, akachutama, akaliweka sinia juu ya mkeka bila kumwaga tone, akasema, "Basi nimejulikana, na imekuwa vizuri. Mchukue mama yako, Nuria. Mwanzo niliwaogopa kina Gelle, kisha nimeing'ang'ania nyumba hii kwa ajili yake, kila nikitaka kumwita Gelle najiuliza, Kuluthum nitamwacha na nani? Yeye ndiye hawezi kutoka hapa." Mimi? Kuluthum akawaza, mimi hapa nimekaa kwa ajili yako wewe mwanamke, miaka nahesabu hatua zako, nalinda kigoda, na wewe unasema... basi nani kati yetu anayekataa? Akamtafuta huyo mtu, akamtafuta ndani ya kila mvua na kila Ramadhani, na akamkuta ameketi papa hapa mkekani, kichwa kimeshikwa, mwanamke anayeogopa dirisha la mkwe, anayeogopa kuomba sukari kwenye nyumba ya watu, anayeogopa kuamka mahali ambapo hakuna anayehitaji macho yake, na kumbe mikono ile aliyodhani anaiongoza ndiyo iliyokuwa imemshika asianguke. Aibu ikampanda shingoni, kisha ikashuka, na chini yake hapakuwa na kitu cha kutisha sana.

"Samsam haendi Isiolo," akasema. Nuria akavuta pumzi. "Mama, chumba ni kimoja, Shariff alisema mama mmoja, nitamwambia nini?" "Mwambie alipokuja kuposa alipokewa na mama wawili, na wote wawili alikula wali wao." "Atanuna." "Anune. Akimaliza kununa anunue kitanda." Samsam akacheka, mkono mdomoni, na Nuria hakucheka, ila Kuluthum akahisi tone moja la joto kisogoni ambalo halikuwa mafuta. "Mvua ile," Nuria akasema, "naikumbuka, mama mdogo, nilikuwa nasikia moyo wako mgongoni." Akajifuta pua. "Lini, basi?" "Jumamosi," Kuluthum akasema, "mwambie Kosgei atuwekee nafasi mbele, si nyuma na magunia," na akajisikia akilitaja neno lile kama mtu aliyeombwa chumvi akaitoa, na Nuria akachukua kitana, akaanza upande wa pili, na Kuluthum, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameikaza shingo, akaiachia, kichwa kikaegemea goti la binti yake, kizito, chai ikipoa.