Beseni la Maharusi

Nduwayo aliingia uani kwangu Jumapili baada ya misa, akafuta viatu kwenye majani makavu ya mgomba kama mtu mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikaendelea kumenya ndizi. Kiti sikumpa, alikivuta mwenyewe.

Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati za harusi hapa Ngara. Kamati gani atakosa? Mwezi wa sita aliwachukua vijana wa kikundi cha mjukuu wangu Ineza, waimbaji na ngoma zao, wakatumbuize harusi kule Nemba. Aliwapa nauli tu. "Malipo yenu yako kwa wageni," alisema. "Mtatunzwa mpaka mchoke. Na mimi nitawatangaza."

Wakaimba mpaka sauti ya Ineza ikakwaruza. Wageni waliposimama kwenda kuwatunza, Nduwayo akashika kipaza sauti: "Jamani, pesa yote ndani ya beseni la maharusi!" Mimi nilikuwa na noti yangu, nimeikunja vizuri, nataka kuibandika kwenye paji la Ineza kwa mkono wangu. Akanishika kiwiko mbele za watu, akanipeleka kwenye beseni kama ng'ombe wa kwenda joshoni. Nikatumbukiza. Watu husema nina subira.

Sasa amekuja kwa harusi ya binti yake.

"Nawataka vijana," alisema. "Kwa utaratibu ule ule."

Ineza akatoka jikoni, unga mikononi. "Laki tatu, baba. Nusu kabla. Na anayetutunza atupe mkononi."

Nduwayo akacheka. "Laki tatu! Mmekuwa bendi ya Dar? Nani aliwajua kabla sijawatangaza?"

"Umetutangaza kwamba sisi ni wa bure. Kila anayepiga simu anauliza nauli tu."

"Mama," akanigeukia, "mwambie mtoto. Tangu lini mtoto akapanga bei na mzee?"

Nikaweka kisu chini. Vidole vilinata utomvu. "Nduwayo, noti yangu iko wapi?"

"Noti gani?"

"Hata hukumbuki! Niliileta kwa mjukuu wangu, ukaninyang'anya huku unacheka. Nikawatunza watu nisiowajua, na mtoto wangu anatiririka jasho mbele yangu. Bei umeisikia. Haipungui hata shilingi."

"Basi nitachukua kikundi cha Kabanga."

"Kachukue. Na kiti changu ukirudishe ulipokitoa."

Hakukirudisha. Alikipiga teke, akaondoka.

"Bibi, kazi tumeikosa," Ineza akasema.

"Tumeikosa."

Alifuta unga kwenye kanga, akachukua simu, akaanza kurekodi tangazo la kuweka kwenye status: jina la kikundi, bei, nusu kabla, na kwamba wao hawaimbii beseni. Sauti ilimtetemeka kwa hasira. Akataka kufuta aanze upya, kwa sauti tamu ya biashara.

"Usifute," nikamwambia. "Litume hivyo hivyo."