Pikapu Inayokata Kona kwa Nyuma

Kifungua mimba wake alipotamka mezani, wajukuu wote wakisikia, kwamba mama sasa amezeeka mno kushika usukani, Bibi Kioo hakumjibu neno. Alikunywa chai yake mpaka chini, akasuuza kikombe, akakipangusa nje na ndani, akakitundika kwenye msumari wake. Wanaomjua wanajua: akinyamaza namna ile, kuna jambo linapimwa kichwani.

Jina la Bibi Kioo lilimjia kwa kazi. Miaka thelathini na moja alikuwa akikata vioo vya madirisha, vya makabati na vya saluni, na kuvifikisha kwa wenyewe kwa pikapu yake, vikiwa vimesimama wima kwenye fremu ya mbao iliyofungwa ubavu wa kushoto. Njiani hajawahi kuvunja hata kimoja. Lakini mwezi ule alikuwa ameparuza nguzo ya geti la karakana yake mara mbili, na bega lake la kulia lilikuwa limeganda tangu baridi ianze. Kugeuza shingo kutazama nyuma kulikuwa kama kufungua bawaba iliyoshika kutu. Mwanawe akajumlisha nguzo na bega, akapata jibu lake: atafutwe dereva, mama akabidhi funguo.

"Nikae pembeni kama mfuko wa vitunguu?" ndilo lililomtoka Bibi Kioo, siku mbili baadaye.

"Upumzike, mama. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya upo kwenye kupumzishwa."

Sasa mteja wake mmoja akamletea habari kwamba siku hizi zipo pikapu za kifahari ambazo magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona. Siyo kuvuta kwa magurudumu manne kwenye matope, hilo lipo tangu zamani. Ni kukata kona, ya mbele yanaelekea huku, ya nyuma yanaelekea kule, gari linajikunja kama paka. Jumamosi asubuhi Bibi Kioo akatoka na futi yake ya chuma, akapima kichochoro cha karakana, akapima geti, akaandika kwenye kipande cha boksi. Akapanda pikapu yake, akampigia mwanawe honi.

"Panda. Twende tukaione hiyo inayojikunja."

Mwana akapanda akitabasamu. Alidhani mama ameanza kulegea.

Kwenye duka la magari sakafu iling'aa hadi mtu anajiona mapua. Muuzaji, kijana wa shati jeupe na viatu vyenye ncha, akampita Bibi Kioo kama anavyopitwa mlinzi, akamshika mwana mkono kwa mikono miwili.

"Karibu sana, bosi. Umekuja kujitafutia kitu cha hadhi?"

"Bosi ni mimi," Bibi Kioo akasema. "Huyo nimemzaa tu."

Kijana akacheka kwa adabu, akageuka, lakini maneno yake yakaendelea kumwendea mwana. Viti vya ngozi vinavyopoza mgongo. Taa za ndani za rangi saba. Kijisanduku cha kupozea soda. Bibi Kioo akamwacha amalize, naye akainama polepole, mkono kwenye goti, akachungulia gurudumu la nyuma la ile pikapu inayojikunja.

"Kijana, haya yanapogeuka, ule mkia wa gari unakwenda wapi?"

"Unafuata tu, mama."

"Unafuata wapi?"

"Unafuata... gari." Kijana akakuna shingo. "Mimi nakuhakikishia utageuka popote. Ni starehe tupu."

"Starehe nitaijua nikikaa. Nauliza mkia."

Mwana akamvuta mama kando, akanong'ona, "Unamtia kijana wa watu aibu. Kama linafaa tuchukue, dereva atalizoea."

Hapo neno dereva likamchoma. Bibi Kioo akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha boksi, akauliza kama kuna uwanja nyuma na maboksi matupu. Vyote vilikuwepo. Ndani ya nusu saa, yeye akishika futi na kijana akiburura maboksi kwa viatu vyake vya ncha, kichochoro cha karakana kikasimama uwanjani: ukuta wa kushoto maboksi tisa, ukuta wa kulia maboksi manne, halafu mwanya wa geti upande huohuo wa kulia, na maboksi mawili yaliyopandana badala ya nguzo. Hata ngazi za fundi cherehani jirani, alizozijenga mwaka uliopita zikatokeza njiani, zikapata boksi lao.

"Mama, hapa ndipo unapopita kila siku?" mwana akauliza. Miaka yote alikuwa akiegesha gari lake barabarani na kuingia kwa miguu.

"Kila siku, mara nne."

Mwana akatazama, kisha akaona nafasi yake. "Basi tufanye hivi. Ukigusa hata boksi moja, funguo unanipa leo, na habari ya usukani tunaifunga."

"Nimekubali. Lakini mimi wa mwisho. Wewe unaanza, kwa pikapu yangu. Kijana atafuata na hiyo yake."

Akaomba ndoo ya maji. Akamwagia magurudumu ya pikapu yake moja baada ya jingine, bila haraka, kama anayewanawisha wajukuu mikono. Mwana akaingia, akajibana na ukuta wa kushoto kama wafanyavyo madereva wote wanaotaka nafasi ya kukata kulia, akakata. Mbele ikapita. Nyuma ikakatiza ndani, boksi la juu la nguzo likaanguka. Akapiga rivasi, akajaribu tena, akaangusha la chini. Akatoka jasho likimchuruzika, na bega lake halikuwa na kasoro yoyote.

"Hii gari mbovu," akasema.

"Ndiyo hiyo iliyokusomesha," mama akamjibu. "Panga maboksi."

Zamu ya kijana. Bibi Kioo akamwagia maji magurudumu mapya, akisogea na ndoo yake, na safari hii akaenda kusimama nyuma kabisa, pembeni ya ukuta wa kushoto. Kijana akaingia kwa mbwembwe, kidole kimoja kwenye usukani. Naye akajibana kushoto, akakata kulia. Pua ya gari ikaingia getini kwa mkupuo mmoja, nguzo haikuguswa hata kwa upepo, na kijana akatoa dole gumba dirishani. Nyuma yake maboksi mawili ya ukuta wa kushoto yakalala chali.

"Nani kaangusha hayo?" kijana akashuka mbiombio.

"Mkia," Bibi Kioo akasema.

Akainama pale uwanjani kabla jua halijakausha alama. Pale palipopita pikapu ya zamani, mstari wa gurudumu la nyuma ulikuwa umekatiza ndani ya ule wa mbele, ukaelekea moja kwa moja kwenye nguzo. Hapa, kwa gari jipya, ya nyuma yalianza kwa kutoka nje kushoto, kisha yakafuata nyayo za mbele kama mtoto anayefuata mama yake gizani. Akatandaza kiganja, akapima: mkia umetoka shibiri moja, na kidogo.

"Kioo changu hukaa ubavu huohuo," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Hapo kingekuwa vipande."

"Basi halifai," mwana akadakia. "Twende zetu, mama. Na ile ahadi..."

"Ahadi ipo. Zamu yangu."

Maboksi yakapangwa upya, naye akapanda lile gari jipya. Kiti kikamsogeza chenyewe, akakiambia kitulie. Mwana akasimama karibu na nguzo, mkono wa kulia umeshakunjuka tayari kupokea funguo. Kijana akayatazama maboksi yake kama anayasomea dua. Bibi Kioo akaingia kichochoroni taratibu, na badala ya kujibana na ukuta kama alivyofanya kwa miaka thelathini na moja, akauachia nafasi ya shibiri mbili. Mikono yote ilimwambia amekosea. Akaikatalia. Akakata kulia. Mkia ukaenda kushoto, ukalifikia boksi la saba, ukalipita, boksi likatikisika kidogo kwa upepo, likatulia. Pua ikaingia getini. Mwili ukafuata. Mkupuo mmoja.

Akazima gari. Kwa pikapu yake, kona hii moja ni mara nne kwenda mbele na kurudi nyuma, kila mara bega likilia. Leo shingo haikugeuka hata mara moja. Aliona uzuri wa kitu hicho, na hakuona haya kuukiri.

"Limegusa!" mwana akasema. "Nimeona boksi limecheza."

"Njoo ulipime."

Mwana akaenda, akachuchumaa. Kati ya boksi na njia ya gari kiganja kiliingia kizima. Akainuka, akakung'uta viganja.

"Viti sivitaki, taa za rangi sizitaki," Bibi Kioo akamwambia kijana. "Hayo magurudumu nayataka. Yanapatikana bila makorokoro?"

"Hapana, mama. Yanakuja na vyote. Ndiyo maana ya kifahari."

"Basi nachukua na makorokoro yake. Nalinunulia bega langu, silinunulii dereva. Mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Shika ncha ya futi."

Mwana akasita, halafu akashika. Wakapima ubavu wa kushoto, kutoka mlango hadi mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo mkia hautoki sana. Bibi Kioo akatoa kalamu yake ya nta, akachora misalaba minne mikubwa kwenye rangi ile nyeusi inayong'aa.

"Mama, hiyo nini?" Sauti ya kijana ilipanda.

"Matundu. Fremu ya vioo inakaa hapa, siyo huko nyuma."

"Unatoboa? Gari hili? Dhamana itakufa! Meneja atanifukuza!"

"Mwite meneja, nimuoneshe na yeye."

Kijana akachomoa kitambaa mfukoni, akausogelea msalaba wa kwanza. Mwana akamuwahi, akamzuia kwa mkono uleule uliokuwa ukingoja funguo.

"Usifute," akasema. "Ukifuta tukapima upya, atachora kwa msumari."