Mgonjwa Aliyejibu Salamu

Mume wangu Leonidas alikuwa mpole kupita kiasi, na upole huo nusura umuue. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa pale Kasulo, wifi yangu Justina alikuwa hanipi nafasi: "Clotilda, hasira zako zitakuzika mapema. Kaka yangu ana moyo baridi, huyo ataona vitukuu." Majirani waliitikia, hata mimi nikaanza kuamini.

Mwaka wa vita, ngiri ikambana akiwa kwenye shamba la kijiji. Alilima na maumivu yake mpaka jembe likamponyoka, eti wenzake wasiseme anatega kazi. Jioni tumbo lilikuwa gumu na alikuwa anatapika.

"Nitapumzika kidogo tu, mama Restituta," akaniambia. "Usisumbue watu."

Nilisumbua watu. Nilimwendea balozi wetu wa nyumba kumi, Gozbert, nikagonga mlango nusura ung'oke. Magari yote yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari, na vijana walikuwa vitani. Alfajiri tukafunga machela ya fito na blanketi, Gozbert na wazee wenzake watatu wakaibeba.

Kwetu, machela ikipita njiani, mtu husimama akamsalimu mgonjwa na kumpa pole, na mgonjwa mwenye adabu hujibu. Leonidas alimjibu kila mtu. Aliinua kichwa akasema, "Marahaba. Sijambo kabisa. Watoto wazima? Yule ndama wenu alipona?"

Tulipofika mtoni wazee wakaishusha machela. Gozbert akapangusa jasho.

"Clotilda, huyu mtu ni mzima. Anayeuliza habari za ndama bado hajafikia kupelekwa hospitali. Tumrudishe, tumchemshie dawa za miti."

"Ndiyo, turudi," akasema Leonidas, midomo imemkauka. "Mmechoka, na palizi inawangoja."

Nilipandwa na hasira, na hofu pia, maana nilikuwa nimemwona akiuma pindo la blanketi kila machela ilipoyumba. Nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunika gubigubi, uso na miguu.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nyamaza. Kuanzia sasa wewe ni maiti. Maiti haitikii salamu."

Wazee wakarudi nyuma. Kumfunika mtu hai namna ile ni kumwitia kifo.

"Mkosi ukija, uje kwangu," nikawaambia. "Nyanyueni. Asiyetaka aniachie mti wake."

Nikainama, nikauweka mti wa nyuma begani, ingawa kwetu mwanamke habebi machela. Gozbert akaona aibu, akashika wa mbele. Wengine wakafuata.

Tukaenda. Watu walivua kofia, wakatupisha, hakuna aliyesalimia. Ndipo chini ya kanga nikamsikia mume wangu akilia. Alilia kwa sauti, akiita mama yake aliyekwisha kufa, kwa kuwa hapakuwa tena na macho ya kumwonea haya. Wazee wote walimsikia. Hakuna aliyetaja kurudi, na kwenye mteremko walianza kukimbia.

Hospitalini daktari akamfunua uso.

"Pole, mzee. Unajisikiaje?"

"Si vibaya sana, daktari."

"Mwongo huyo!" nikapiga kelele, ukumbi mzima ukageuka. "Usimsikilize mdomo, shika tumbo!"

Akalishika. Hakuuliza tena swali, aliwaita wauguzi wakamkimbiza kwenye upasuaji. Baadaye aliniambia utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi, na kama tungegeuzia mtoni tungekuwa tunachimba kaburi.

Leonidas alilazwa siku kadhaa. Mimi nilikaa chini kando ya kitanda, nikiwagombeza wauguzi kila dawa ilipochelewa, na sikujali walivyonong'ona juu yangu. Asubuhi moja muuguzi aitwaye Secilia alimletea uji. Leonidas akaonja, akasukuma kikombe.

"Umepoa huu," akasema. "Siutaki. Nataka wa moto. Na hapa kwenye mshono panauma sana, niletee dawa."

Secilia alinitazama vibaya, kana kwamba ni mimi niliyemharibu. Nilikichukua kile kikombe mwenyewe nikaenda kuupasha uji, machozi yananitiririka mpaka kidevuni.