Foleni ya Mablanketi

Jumanne, mnamo saa kumi alasiri, Mama Vifungo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miwani puani, akihesabu mishono ya shanta kuukuu ya jeshi. Alipata mishono minane kwa kila inchi, uzi uliopakwa nta. Shanta ya askari wa miguu. Akaandika hivyo kwenye kibandiko, akakilamba, akakibandika. Alipoinua kichwa kunyoosha shingo, aliona watu wamepanga foleni uani kwake, kuanzia mlango wa stoo hadi kwenye karo la kufulia, mkia wa foleni ukakata kona kuingia uchochoroni.

Walikuwa wanaume arobaini na mmoja. Kilikuwa kiangazi, lakini nguo zao zilikuwa chepechepe, na maji yaliwachuruzika viwikoni yakafanya vidimbwi miguuni mwao. Kila mmoja alivaa kisahani cha bati shingoni, chenye namba. Mama Vifungo alimsogelea wa kwanza akakisoma chake, maana hakuweza kuona kitu cha jeshi asikisome. Visahani vya bati walipewa wapagazi; askari walipewa vya shaba. Na wapagazi wa vita vile vya zamani vya wakoloni wote walikuwa wameshakufa, wengi wao kabla yeye hajazaliwa. Huyu wa mbele alionekana kijana wa miaka ishirini na mitano.

"Shikamoo," Mama Vifungo alisema, kwani kwa miaka ya kuzaliwa kijana ndiye aliyekuwa mkubwa wake.

"Marahaba, mama. Usijisumbue na sisi. Tunasubiri dirisha la stoo lifunguliwe."

Akawaomba wasogee kidogo, ana nguo kambani. Wakasogea.

Jina la Mama Vifungo alilipata kazini. Alishona kwa cherehani miaka arobaini, na wateja wasio na kitu cha kumshukuria walimletea vifungo vya makoti ya jeshi. Vifungo vikaleta mikanda, mikanda ikaleta vijiko, vikopo vya kulia, chupa za maji, vipochi vya sindano na uzi ambavyo askari walishonea soksi zao. Mizinga na medali hazikumhusu. Alitaka vile vitu ambavyo mtu hula navyo na kulalia. Watu walikuja kutoka mbali na kitu cha babu yao kimefungwa kwenye gazeti. Yeye alikigeuza, alikinusa, alipitisha ukucha kwenye mshono, kisha akawaambia kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Hakuwahi kukosea, na kila mtu alilijua hilo.

Ijumaa mkusanyiko wote ungehamia makumbusho. Chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi, nacho kingepewa jina la marehemu baba yake Mama Vifungo, aliyekuwa mtunza stoo wa kambi katika vita vile. Marehemu alipenda kusema kwamba hakuna mtu aliyepita dirishani kwake akaondoka mikono mitupu, na maneno hayo yalikuwa yamechongwa kwenye kibao cha shaba. Aliyeshughulikia yote hayo ni Kaka Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu. Alihangaika miaka miwili, akavaa tai hata siku za jua kali.

Asubuhi ile ile ya Jumanne Kaka Mkubwa alikuwa amemletea makreti mawili ya mwisho kutoka nyumba ya marehemu. Mama Vifungo akaingia stoo kuyafungua, kwa sababu foleni au si foleni, kazi ilikuwa inamsubiri.

Ndani mlikuwa na mablanketi ishirini na sita, ya kijivu, yenye mstari wa buluu pindoni. Aliyatambua kuwa ya wapagazi kabla hajayagusa. Akapitisha ukucha kwenye mkunjo wa lile la juu. Mkunjo ulikuwa mkali kama wa karatasi mpya, na vumbi lilikaa juu yake tu. Blanketi hilo halikuwahi kufunuliwa tangu litoke kiwandani. Wala la pili. Lakini kila moja lilifungiwa kadi kwa uzi, na kwenye kadi paliandikwa namba, kisha neno *Amepokea*, kisha alama ya dole gumba.

Alichukua lenzi yake ya kuangalia vifungo. Kwenye dole la kadi ya kwanza kulikuwa na kovu, limekata mshazari kutoka kushoto kwenda kulia. La pili hivyo hivyo. Akakaa chini, akaziangalia zote ishirini na sita bila haraka, kama anavyostahili kuangaliwa mtu unayemshuku. Dole lilikuwa moja. Alilijua. Lilikatwa na mfuniko wa kopo ujanani, na ndilo baba alilokuwa akimwekea kwenye paji la uso alipokuwa mdogo, kumpima homa.

Hapakuwa na mtu mle ndani, ila alijikuta ameziba kadi kwa viganja.

Alitafuta namba ya yule kijana wa mbele, akamtolea blanketi lake mlangoni. Kijana alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akawaonyesha wenzake, akalirudisha likiwa limekunjwa vilevile.

"Asante. Baridi hatuisikii tena," alisema. "Shida ni hiyo karatasi. Inasema nilipokea."

"Mlikuwa wapi?"

"Mlimani. Mvua wiki tatu. Kila siku tulipanga foleni, na mtunza stoo alituambia mablanketi hayajafika."

Mama Vifungo alihesabu foleni upya, kisha akahesabu mablanketi. "Hapa yapo ishirini na sita. Wale kumi na watano wa nyuma, ya kwao yako wapi?"

Kijana alisita, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mwenyeji wake. "Hayo uliyavaa wewe," alisema. "Wewe na ndugu zako."

Mama Vifungo akalikumbuka koti lake la shule, la kijivu, mstari wa buluu ukizunguka pindo. Watoto wenzake walikuwa wakilionea wivu. Kwenye vipande vilivyobaki ndiko alikofundishwa kukata na kushona.

Jumatano Kaka Mkubwa alifika. Alipita kando ya foleni akisema, "Poleni na kusubiri," akaruka vidimbwi, akaingia. Dada yake alimpa lenzi na zile kadi. Alitazama kadi tatu, akaiweka lenzi chini.

"Madole yote yanafanana," alisema.

"Hayafanani, Kaka."

"Sasa unataka nini? Umchafue mzee kwa sababu ya gumba? Marehemu hawezi kujitetea."

"Na hawa nao?"

Kaka Mkubwa alichungulia uani. "Hawa wamekuja wenyewe. Wanaonekana watu wastaarabu." Akajifuta shingo. "Wewe na mimi tulisoma kwa jina la yule mzee. Watoto wangu wanakwenda kusimama Ijumaa mbele ya watu. Fikiria."

Alikuwa hajagombeza. Angegombeza ingekuwa rahisi zaidi.

Alipoondoka, Mama Vifungo alichukua kalamu na kadi ya yule kijana wa mbele. Akakata neno *Amepokea* kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, kwa herufi za kusomeka, *Hakupokea*. Akamwonyesha mlangoni. Kijana hakujua kusoma, lakini wa nne kutoka mbele alijua, na alipomsomea, kijana akatikisa kichwa kukubali, akatoka kwenye mstari. Alienda kukaa juani kwenye ukingo wa karo. Nguo zake zikaanza kukauka, kwanza mabegani.

Mama Vifungo alipanga kuziandika kadi zilizobaki Alhamisi. Na kwa wale kumi na watano wasio na kadi angeandika kadi mpya.

Alhamisi asubuhi, kabla hajamaliza chai, aliingia bwana wa makumbusho, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, kuhakiki vitu kabla ya lori kuja. Alimheshimu sana Mama Vifungo. Alisimama stoo akayashika mablanketi moja moja, akisifu hali yake, hadi akafika kwenye lile la yule kijana.

"Hii kadi vipi, mama? Imekatwa hapa."

Mama Vifungo alijua la kusema. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, fupi tu: baba yangu aliwaibia. Mlango ulikuwa wazi, na foleni yote ilikuwa ikisikiliza. Bwana wa makumbusho alimtazama kwa imani, kama walivyomtazama watu wote miaka yote hiyo.

"Ni kosa la kalamu," alisema. "Nilichanganya."

"Basi hakuna neno." Akatoa mkasi mdogo, akakata uzi, akaitia kadi mfukoni. "Niandikie nyingine safi."

Akaandika nyingine safi. Herufi zilitoka nzuri, zimenyooka, na hilo lilimwuma baadaye kuliko uongo wenyewe. Alipotazama nje, yule kijana alikuwa ameinuka kwenye karo, anarudi mahali pake mbele, na wenzake wanampisha. Maji yalikuwa yameanza tena kumchuruzika.

Ijumaa lori liliondoka na makreti, na foleni ikalifuata kwa miguu. Dereva alienda polepole ili asiwaache. Hotuba zilikuwa nzuri. Kaka Mkubwa alilia kidogo. Kibao cha shaba kilifunuliwa, watu wakapiga makofi, na wanaume arobaini na mmoja wakapanga mstari kuanzia kabati la kioo la mablanketi hadi mlango wa kutokea.

Wamekuwa pale tangu siku hiyo. Makumbusho wamewatandikia mikeka ya mpira ili sakafu isiharibike, na mfagizi hukamua dekio mara mbili kwa siku. Wageni huwapita kwa adabu. Wanafunzi huwachora.

Mwezi wa pili tangu hapo bwana wa makumbusho alimwita Mama Vifungo. Wageni wamezidi kuuliza hawa ni akina nani, alisema, na kila kitu mle ndani kina kibandiko chake isipokuwa hawa. Nani wa kuwatambulisha kama si yeye?

Alipewa kadi kubwa nyeupe na kiti. Akakaa muda mrefu. Yule kijana wa mbele alimsalimia akarudi kusubiri. Mama Vifungo aliandika, akasoma alichoandika, akaichana. Akaomba kadi nyingine. Mwishowe aliandika: *Wapagazi wa vita. Wanasubiri mablanketi yao. Tafadhali msiwaguse.* Jina la mtunza stoo hakuliandika.

Yule wa nne kutoka mbele alitoka kwenye mstari, akainama kwenye kadi, akasoma kwa sauti ya chini. Kijana akampokezea wa nyuma yake, naye akampokezea wa nyuma yake, na maneno yakaenda hivyo, mtu kwa mtu, mpaka mlangoni. Hakuna aliyeondoka.

"Una mwandiko mzuri, mama," kijana alimwambia. "Asante."

Mama Vifungo aliitikia kwamba si kitu. Akachukua mkoba wake, akapita kando ya foleni nzima akitazama sakafu, akisema samahani kwa kila aliyempisha, na walimpisha wote.