Domo la Bulwe

Tusidanganyane, hakuna aliyewahi kumsifu bulwe kwa sura. Ndege mrefu wa kinamasini, rangi ya majivu, domo pana kama kiatu cha askari, kishungi kisogoni utadhani kakurupushwa usingizini, na macho ya njano yasiyojua haya. Watu walilipa kiingilio pale bustani ya wanyama Entebbe, wakamkodolea, wakamcheka, wakaenda zao. Namubiru, aliyemlisha, aliwachukia kimoyomoyo.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, na mama mkwe wake, Nalongo, ameshakata shauri: mjamzito akishinda akitazama sura mbaya, mtoto huirithi. Waswa, mume wa Namubiru, humwogopa mama yake kupita kiasi, akakubali mkewe aache kazi. Namubiru hakuulizwa.

Asubuhi hiyo Nalongo alimfuata bandani mwenyewe, ndani ya gomesi, lile vazi lake refu la kanisani. Namubiru akaweka chini ndoo ya samaki, akapiga magoti topeni, akamsalimu inavyopasa.

"Vua hayo mabuti, twende nyumbani," Nalongo akasema. "Mjukuu wangu hatazaliwa na domo hilo."

"Siendi, mama."

"Unasemaje?"

"Siendi." Sauti ilikuwa ya chini, yenye adabu zote, na magoti bado yako topeni. "Kazi hii niliipata kabla sijampata Waswa."

"Kwani umeolewa na huyo ndege?"

"Ningeolewa naye angenitetea. Huyu hamwogopi mama yake."

Nalongo kicheko kilimponyoka, akajikaza upesi. "Na mtoto akitoka hivyo je?" aliuliza, na safari hii ukali ulikuwa umemtoka. Alikuwa anaogopa kwelikweli.

Hofu hiyo hata Namubiru alikuwa nayo; kalelewa humo humo, kayasikia hayo hayo tangu utotoni. Akaikasirikia. Akainuka bila kungoja kuambiwa inuka, akafungua mlango wa wavu, akaingia na ndoo yake. Akasimama mbele ya bulwe, tumbo mbele, akamtazama domo, kishungi, macho, yote, bila kupepesa.

"Akija na domo hili, mama," akasema bila kugeuka, "atanyonya ziwa langu hili hili. Na atakayemcheka atanikuta mimi mlangoni, hata akiwa bibi yake."