Harelimana na Bei ya Lomé

Pale Ndosho, mtaa mmoja wa Goma, mtu akitaka kununua kitu chenye miguu, au chenye magurudumu, au hata kiwanja cha kujenga, alipita kwanza kwa Harelimana. Alikuwa dalali wa ng'ombe tangu ujana wake kule Masisi, na watu walisema kwamba akimtazama mnyama kidogo tu anajua muuzaji atakubali kushuka mpaka wapi. Silaha yake haikuwa maneno, ilikuwa mgongo wake. Alisikiliza bei, akatikisa kichwa kwa huzuni kama aliyepewa habari ya msiba wa watu asiowajua, akageuka, akaanza kuondoka polepole, fimbo ikiwa mabegani. Wauzaji wengi walimwita kabla hajafika langoni. Wenye roho ngumu walimwita akiwa barabarani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwacha afike nyumbani.

Mtu huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, Fabiola. Tangu msichana akiwa mdogo, majirani walimtania baba yake kwamba siku ya mahari zizi lake halitatosha, maana nani angethubutu kumletea Harelimana ng'ombe mwenye kasoro? Fabiola akakua, akamaliza shule, akaingia utawa. Shirika lake likampeleka Lomé, huko Togo, akafundisha watoto wadogo. Mwaka huu akatuma sauti kwenye WhatsApp: mwisho wa Agosti ataweka nadhiri za daima, na wazazi wote wawili wanaalikwa. Masista wangewalaza na kuwalisha. Nauli tu ndiyo wajitafutie.

Harelimana alisikiliza ujumbe ule, akausikiliza tena, kisha akauliza swali moja: je, upande wa pili hautatoa kitu chochote? Mkewe, Perpétue, akamwuliza upande wa pili ni nani. Harelimana akafikiri, akaona kwamba upande wa pili ni Mungu, akaliacha jambo lenyewe hapo.

Kwa kuwa uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, safari ingeanzia Kigali. Perpétue alimpeleka mumewe kwa Baharanyi, mama mmoja wa parokia yao aliyekuwa na kibanda cha fotokopi na intaneti karibu na kanisa, na ambaye, jambo la maana zaidi, alikuwa na kadi ya benki ya ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Baharanyi akafungua tovuti moja ya kutafutia tiketi, akaandika Kigali, akaandika Lomé, na kampuni zote zikajipanga moja chini ya nyingine, ya bei ndogo ikiwa juu.

Harelimana alipenda sana mpango ule. Ulikuwa kama ng'ombe waliofungwa kwenye kamba moja, unapita tu unawapapasa. Ila alipoambiwa bei, akaipiga hesabu kichwani kwa namna aliyoizoea, akakuta kila mmoja wao atapanda ndege kwa ng'ombe mzima mwenye mimba. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasimama, akaweka fimbo mabegani, akatoka.

Akapita mlango wa fundi cherehani. Akapita wauza mkaa. Kimya. Alipogeuka kutazama, Baharanyi alikuwa anamtolea mteja mwingine fotokopi ya kadi ya ubatizo. Harelimana akarudi polepole, akasimama mlangoni.

"Hawajaita?" akauliza.

"Nani, Papa?"

"Benye bei."

Baharanyi akamweleza kwa upole kwamba ndani ya mashini ile hamna mutu. Ni hesabu tu. Viti vikipungua na watafutaji wakiongezeka bei inapanda, mambo yakilegea inashuka. Harelimana alisikiliza mpaka mwisho, na kitu kimoja kikamkaa rohoni.

"Bei yenye haina mutu," alisema. "Sasa nani anaonaka haya?"

Baharanyi akamwomba simu yake. Akamwekea tovuti ile humo, akamfundisha kuiamuru imwarifu kila bei inapobadilika. Na hapo ndipo nyumba ile ilipoacha kuwa nyumba, ikawa soko.

Harelimana aliamua kwamba mashini, hata kama haina haya, lazima ina macho. Basi isijue anachokitaka. Alianza kwa kutafuta Dakar, ambako hakuwa na mtu wala shida yoyote. Akaitafuta asubuhi na jioni, kwa bidii, huku Lomé akiitupia jicho mara moja moja kama mtu anayepita njia. Alimkataza Perpétue kulitaja jina la Lomé karibu na simu. Wakawa wanasema "kule." Siku Perpétue aliposahau, akamweleza dada yake kwa sauti ya furaha kwamba wanakwenda Lomé, bei ikapanda jioni ileile, na Harelimana akala ugali wake akiwa amempa mgongo.

Kisha, Jumapili moja katikati ya misa, wakati wa matoleo, simu ikalia mfukoni mwake. Bei imeshuka. Harelimana aliweka matoleo makubwa kuliko kawaida yake. Nje ya kanisa aliwaonyesha wanaume wenzake ujumbe ule, akawaeleza kwamba muuzaji ameanza kumkimbilia. Wengine hawakuelewa anasema nini, ila walimjua, wakampongeza. Wawili wakamwomba awatafutie na wao tiketi za kwenda Kinshasa.

Perpétue alimwambia anunue siku hiyohiyo. Akamjibu kwamba muuzaji aliyekwisha kuanza kukimbia hasimami baada ya hatua moja. Mwache aje mpaka mlangoni. Na kweli, kesho yake ikashuka tena, kidogo. Lakini iliyoshuka kwelikweli ilikuwa Dakar. Ilishuka mpaka ikawa nusu ng'ombe, tena ng'ombe aliyekonda. Harelimana alihangaika sana na bei ile. Hakuwahi katika maisha yake kuona kitu kizuri namna hiyo akakiacha, na usiku alikuwa akigeukageuka kitandani. Mwishowe akamwuliza Baharanyi kutoka Dakar mpaka Lomé ni mwendo wa basi kiasi gani. Baharanyi akamwonyesha ramani. Harelimana akaanza kugusa nchi zilizo katikati kwa kidole, moja baada ya nyingine, akaishia njiani, akamrudishia simu.

Baada ya Dakar akaja na Entebbe. Kupandia Uganda kulikuwa nafuu kuliko Kigali, hilo halikuwa na ubishi. Wangepanda gari kuelekea Rutshuru, wangelala Kalengera kwa binamu yake Twagirimana, asubuhi wangevukia mpakani Bunagana, na kutoka pale ni basi tu. Perpétue hakumpinga. Alimwomba tu aongeze juu yake nauli ya gari, na pesa za vizuizi vya njiani, na basi la ng'ambo, na mahali pa kulala, na kitu cha kumpelekea Twagirimana, ambaye hatembelewi mikono mitupu na ambaye ana watoto wengi. Harelimana akajumlisha. Entebbe haikutajwa tena.

Agosti ikakaribia. Chini ya bei ya Lomé yakatokea maandishi mekundu: vimebaki viti viwili kwa bei hii. Harelimana alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Kila muuzaji wa ng'ombe anasema hivyo, wawili tu wamebaki, na nyuma ya nyumba amefunga kundi zima. Kesho yake maandishi yakasema kimebaki kiti kimoja, akacheka kidogo. Siku iliyofuata maandishi hayakuwepo, na bei ilikuwa imerudi pale ilipoanzia, ikapita, ikaenda zake juu. Harelimana akageuza simu ikalala kifudifudi mezani, akaipa mgongo.

Perpétue alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakupandisha sauti.

"Papa Fabiola," alisema, "ile yenye unakatala haiko bei ya ndege."

Mkewe aliendelea kuchambua, akitupa vijiwe pembeni. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ya kutosha kujua kwamba kimya chake kina mlango, na kwamba ukiusukuma haufunguki.

"Kama hatujanunua," alisema Harelimana mwishowe, bado akiwa ameipa simu mgongo, "naona sawa vile mutoto angali anaweza kurudia."

Perpétue aliweka ungo chini. Alimwambia kwamba yeye alilia mwaka ule Fabiola alipoondoka, alilia jikoni miezi mizima, moshi ukimsaidia, mpaka siku moja akaona amemaliza. Sasa anataka kumwona mtoto wake amevaa pete yake. Kama Papa Fabiola angali na kazi ya kupatana bei, abaki aifanye. Yeye Jumatatu anakwenda kwa Baharanyi kulipa kiti chake.

Jumatatu walikwenda wote wawili. Baharanyi alitafuta viti viwili pamoja, bei ikatoka ya kutisha. Akatafuta kimoja kimoja, na hapo likajitokeza jambo: kilikuwapo kiti kimoja cha bei nafuu kidogo, na kwa kuwa ni kimoja, mtu akitaka viwili mashini inamfichia na kumpandishia vyote. Harelimana akainua kichwa. Hila hiyo aliifahamu. Hata yeye aliwahi kumficha ndama mzuri ili auze jozi. Kwa mara ya kwanza aliitazama mashini ile kwa heshima.

Wakanunua kimoja kimoja basi, Perpétue akipewa cha bei kubwa, kwa kuwa Harelimana alisema mkewe hawezi kwenda nchi za watu kwa bei ya chini kuliko yake. Kabla ya kulipa, kilitokea kijisanduku kilichouliza kama mteja ana neno la siri la kupunguziwa bei. Harelimana akamsimamisha Baharanyi. Alijua tu kwamba mahali fulani lazima pawe na mlango wa watu wanaojulikana. Akamwambia aandike Harelimana. Mashini ikakataa. Akamwambia aandike Harelimana wa Masisi. Ikakataa. Baharanyi akamtazama Perpétue, Perpétue akatazama dari, na Harelimana akasema haya, lipa.

Mambo mawili hakuyajua mpaka siku ya safari. La kwanza, kiti cha bei nafuu hakikuwa na haki ya mzigo wa chini ya ndege, ila kibegi cha mkononi, na yeye alikuwa amebeba fromage nne za Masisi, jibini za mviringo, za kuwapa masista. La pili, watu walionunua mbalimbali wanakaa mbalimbali. Perpétue alikaa mbele, dirishani. Harelimana alikaa nyuma kabisa, katikati ya watu wawili, fromage zikiwa kati ya miguu yake, na kadiri ndege ilivyopata joto ndivyo nazo zilivyojitambulisha kwa majirani.

Aliyekuwa kulia kwake, mfanyabiashara wa vitenge, alifungua kipitisha hewa juu ya kichwa chake mpaka mwisho. Harelimana aliona afadhali waanze mazungumzo. Akamwuliza amelipa kiasi gani. Mtu yule akasema, na kilikuwa kikubwa kuliko chake, kikubwa hata kuliko cha Perpétue. Moyo wa Harelimana ukajaa. Alimwomba mhudumu ampelekee habari hiyo mama mwenye kitambaa cha kijani kule mbele. Mhudumu alikwenda, akarudi, akasema mama anamwambia alale.

Hakulala. Akamgeukia mwanamke wa kushoto, akamwuliza na yeye. Mwanamke yule alisema karibu nusu, maana alinunua mapema, mwezi wa tatu, wala hakutafuta mara mbili. Harelimana alimshukuru kwa adabu, akafumba macho, akayafumbua Addis-Abeba.

Siku ya nadhiri, Fabiola alilala kifudifudi chini, mbele ya altare, mikono kaitandaza, wakati watu wakiimba litania ya watakatifu. Hakuna aliyekuwa amemwonya Harelimana. Alinyanyuka nusu kwenye benchi, ili aende amwinue mtoto wake, Perpétue akamshika koti, akamkalisha. Litania ile ilikuwa ndefu. Alipoinuka na kuvalishwa pete, Fabiola aligeuka akawatafuta kwa macho, akawaona, akacheka. Uso ule Harelimana aliufahamu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka akiwa mdogo, akikimbia kuteremka kilima kule Masisi bila kujua kama ataweza kusimama. Baba yake alitafuta kitambaa mfukoni, akapata tiketi ya ndege, akajifutia hiyo.

Mchana walikula pamoja, masista na wageni, kwenye uwanja wa shule. Fromage zilikatwa zikaisha kabla ya wali, na mama mkuu wa shirika akaja mwenyewe kuuliza kama zimebaki. Fabiola alikaa kati ya wazazi wake. Aliuliza habari za kila mtu Ndosho, kisha akauliza safari hii ndefu ni nani aliyewatafutia, maana amesikia tiketi za kutoka Kigali mwaka huu ni shida.

Perpétue alitafuna kwanza, akameza.

"Papa yako," alisema. "Alitafuta sana."

Fabiola akaweka mkono wake wenye pete juu ya mkono wa baba yake. Harelimana aliinamia sahani, akasema wali ni mzuri, akaomba asogezewe chumvi.